Mafuta Chini ya Chokaa

Plasta yote iliyopigwa jana ilikuwa chini. Ilianguka yenyewe, bila kuguswa na mtu, ikalala kwenye sakafu ya tangi mapande mapande kama chapati zilizoponyoka mkononi mwa mpishi. Lorna, jirani ambaye mdomo wake hauhitaji kipaza sauti, ndiye aliyechungulia kwanza alfajiri, na kabla chai haijachemka kwa mtu yeyote kambi nzima ilikuwa na habari.

Akolong alifika akiwa bado anafunga leso kiunoni. Alisimama kwenye ukingo, akatazama chini. Kama kuna mtu aliyeweka shingo yake rehani kwa ajili ya tangi lile, ni yeye.

Tangi lenyewe si la kupendeza. Ni duara la mawe meusi, nusu limezama ardhini, nusu limechomoza kando ya barabara ya kuelekea soko la mifugo. Baba zao walilijenga miaka ile walipofika Isiolo kutoka Turkana, wakapiga kambi hapa, wakaandikwa kuwa watu wa kupita: watu wa kuchunga ng'ombe wa wengine na kubeba mizigo ya wengine, halafu warudi walikotoka. Walibeba mawe yale mabegani. Padri mmoja akawapa simiti, wakajenga. Mtu wa kupita hajengi tangi. Sentensi hiyo Akolong aliwaambia wakubwa katika kila baraza tangu akiwa msichana aliyejifundisha kusoma kwa magazeti yaliyofungiwa nyama. Wakubwa wamebadilika, magari yao yamebadilika, yeye hajabadilisha sentensi.

Sasa kiwanja kilikuwa kimetamaniwa. Barabara ilipotiwa lami, kila kipande cha ardhi kando yake kilianza kunukia vizuri puani mwa watu waliokuwa wakipita wameziba pua. Etabo, mwenyekiti wa kamati ya viwanja, alikuwa na mtu wake aliyetaka kuegesha malori hapo. Na Etabo si mgeni. Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka tangini, akaogeshwa kwa maji yake. Lakini alisimama barazani akasema tangi limekufa, na kiwanja chenye tangi lililokufa ni kiwanja kitupu.

Akolong naye akasimama akasema litashika maji.

Umuro, ofisa wa maji wa kaunti, mtu wa Kiborana asiyependa kelele, aliwaamulia hivi: tangi litengenezwe, lijazwe, yeye atakuja kukagua. Likishika maji, litabaki mali ya umma pamoja na kiwanja chake. Likivuja, libomolewe, na kamati ifanye inavyotaka. Kambi ikachanga simiti. Akolong akamtafuta fundi Kabiru, kijana wa kutoka Nyeri aliyepanga chumba nyuma ya kanisa, mwenye mikono iliyopasuka kwa kazi. Kabiru akapiga plasta siku nzima. Na sasa plasta ilikuwa chini.

"Fundi!" mtu aliita kutoka kwenye umati. "Simiti yetu ilienda wapi?"

"Imejenga choo ya mtu huko town!"

"Huo ni mchanga mtupu, angalieni wenyewe!"

Kabiru alikuwa amesimama ndani ya tangi na karai mkononi, uso umemwiva. "Simiti yote iko hapa," alisema. "Ratio ya mchanga na simiti niliweka mwenyewe. Hata mimi sielewi."

"Kabiru," Akolong akasema kwa sauti ya kukwaruza, "umenifanyia nini?"

Kijana aliweka karai chini.

Hapo ndipo Etabo alipopenya katikati ya watu, shati limepigwa pasi, simu mbili mkononi. Hakuwa na haraka. "Mimi sina neno," alisema. "Lakini niliwaambia. Mnachukua mtu wa kupita awajengee, mnatarajia nini? Yeye kesho ni huyooo, amerudi kwao."

Watu wengine walicheka. Akolong hakucheka. Maneno yale, mtu wa kupita, aliyajua tangu utotoni. Aliyasikia yakitoka vinywani vya makarani, vya askari, vya wenye maduka. Hakutarajia kuyasikia yakitoka kwenye kinywa kilichonyweshwa na tangi hili, na tena yakimwangukia kijana ambaye yeye mwenyewe, dakika moja iliyopita, alikuwa amemfokea bila kuchunguza kitu.

"Shikilia ngazi," alimwambia Lorna.

"We Akolong, na hilo goti?"

"Goti ni langu. Shikilia."

Alishuka. Akaokota pande moja la plasta, akajaribu kulivunja kwenye goti lake zima. Halikuvunjika.

"Gonga na jiwe, mama," Kabiru akamwambia polepole. "Kama ni mchanga mtupu itasagika."

Akagonga. Pande likalia kama chungu kizima. Akagonga tena kwa nguvu ili wale wa juu wasikie, akaliinua. "Mmesikia? Hii ina simiti kuliko nyumba zenu. Nani alisema choo?"

Hakuna aliyekuwa amesema choo.

Akaligeuza. Mgongoni pande lilikuwa jeupe, limevaa ngozi nyembamba ya chokaa. Kabiru akaikwaruza kwa kucha. "Ona, mama. Kabla ya plasta nilipaka uji wa simiti, simiti na maji tu, mwembamba kama ganda la kitunguu. Huo ndio unashikanisha ya zamani na mpya. Na umeshika kabisa, hautoki. Umeshika hii chokaa. Ni chokaa ndio haikushika ukuta."

"Kwa hivyo plasta ni nzima."

"Ni nzima."

"Na ukuta?"

"Mawe ni mazima kabisa. Shida iko katikati."

Chokaa ile Akolong aliikumbuka vizuri. Ilipakwa asubuhi moja, miaka mingi iliyopita, kwa sababu mkubwa fulani angepita na tangi lilionekana chafu barabarani. Watu walitolewa majumbani wapake mpaka ndani. Mkubwa akapita bila hata kupunguza mwendo. Kilichobaki ni vumbi, na weupe.

Lakini chokaa ilipakwa juu ya nini?

Aliusogelea ukuta pale plasta ilipobanduka. Ulikuwa mweusi, laini, una mng'ao hafifu. Akaomba maji. Lorna akamteremshia kikombe, akayarusha ukutani. Ukuta haukuyanywa. Maji yalijikunja yakawa vitone, yakateleza chini mbiombio, yakaacha mahali pakavu kama vile hayakupita kamwe.

Akolong alipaona pahali pale akaona akilini chombo cha maziwa. Elepit ya mama yake, ile ya mti ya kukamulia, iliyopakwa mafuta mpaka ikawa haiingizi maji wala haitoi. Akaweka pua ukutani. Jua lilikuwa limeanza kuufikia, na ukuta ulikuwa unatoa harufu ya mkia wa kondoo.

Basi ikamrudia yote. Mwaka ule wa kiangazi kikubwa, ng'ombe walipokuwa wakifa wamesimama, tangi lilipasuka. Wakaenda mjini kuomba simiti, wakaambiwa simiti ni ya wenyeji. Wakaenda kwenye bomba, karani akawaambia bomba ni la watumishi wa serikali. Wanawake walirudi na mitungi mitupu, wakakaa chini hapa hapa kando ya tangi. Halafu mama yake Etabo, mwanamke mrefu aliyekuwa haongei sana, akainuka akaenda kuwaleta kondoo wake waliobaki. Mmoja baada ya mwingine wakachinjwa. Mikia ikayeyushwa, makaa yakasagwa, na Akolong mwenyewe, msichana mdogo wakati ule, alisaga makaa mpaka mate yake yakawa meusi. Mama zao wakashuka na fito za moto, wakaufukiza ukuta kama wanavyofukiza vyombo vya maziwa, wakapaka mafuta na masizi kwa viganja. Walifanya walichokijua. Mvua kidogo ilipokuja, tangi likashika. Kila kiangazi wakarudia, mpaka wakazeeka.

Ni wanawake gani wengine duniani wangepaka tangi la simiti kama kibuyu cha maziwa? Na mafuta yaliyozuia maji yasitoke ndiyo haya yaliyozuia plasta isishike.

Akolong aliinua macho. Watu walikuwa wakimngoja. Kwa miaka yote alikuwa amesimama mbele yao akisema mama zetu waliliokoa tangi hili kwa mikono yao. Ndiyo hotuba iliyowafanya watoe simiti. Angeweza kunyamaza. Wangemfukuza Kabiru, wangesema ni fundi mbaya, na jina la mama zao lingebaki safi mpaka tingatinga lije.

"Fundi hana makosa," alisema. Sauti yake ilijaa tangini ikatoka juu imekuwa kubwa. "Ni mafuta. Ni mama zetu walipaka huu ukuta mafuta ya kondoo, na plasta haishiki mafuta."

Kisha Etabo akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyeua mbu. "Sasa umesema mwenyewe! Miaka yote tunaambiwa mama zenu waliokoa tangi, kumbe ndio waliharibu."

"Mama zetu, Etabo. Usijitoe. Wako ndiye aliyechinja wa kwanza."

"Hayo ni ya zamani."

"Ni ya zamani, ndiyo maana wewe umesahau na mimi nakumbuka. Ulikuwa umevimba tumbo, umelazwa kwenye ngozi, unalia maji. Karani wa bomba hakukupa. Simiti ya mjini haikukupa. Ulikunywa maji yaliyoshikwa na mafuta ya kondoo wa mama yako, mafuta yaliyokaa kati ya jiwe na maji, membamba kama karatasi, ndiyo ukasimama. Leo umesimama vizuri, hata shati umepiga pasi. Wameharibu nini?"

Lorna alicheka mpaka ngazi ikatikisika. Etabo alitazama simu yake moja, akatazama ya pili, akasema ana mkutano.

Akolong akamgeukia fundi. "Na wewe, samahani. Nilikufokea kama karani."

"Hiyo imeisha, mama. Lakini hii mafuta tunatoa aje?"

Walianza na magadi na maji ya moto, kwa sababu hivyo ndivyo mtu anavyoosha sufuria. Ikatoka povu kidogo, kijivu, kisha ukuta ukaendelea kukataa maji kama mwanzo. Kabiru akatikisa kichwa. Mafuta yalikuwa yameingia kwenye plasta ya zamani, yameoana nayo kwa miaka, hayatoki kwa kusugua. Yatatoka na plasta yenyewe, kwa tindo na nyundo, mpaka jiwe.

"Ukuta wote?" Lorna aliuliza.

"Wote. Pahali ukiacha, hapo ndipo itaanguka."

Basi wanawake wakashuka. Kambi ina wanaume, ndiyo, na wengine walishuka pia, lakini wengi walikuwa sokoni na mbuzi, na hata hivyo hakuna mwanamke aliyekuwa tayari kuambiwa kwamba kazi iliyofanywa na mama yake itatolewa na mtu mwingine. Nyundo zililia kutwa. Kabiru alikuwa akipita nyuma yao na kikombe, ananyunyiza. Maji yakijikunja, anasema, "Bado." Maji yakizama na jiwe likageuka rangi, anasema, "Hapa imekunywa." Jioni neno hilo lilikuwa limekuwa wimbo. Imekunywa! Bado! Imekunywa!

Akolong alichukua upande wa kaskazini, na hapo akakutana na alama ya kiganja. Chini ya chokaa, kwenye weusi ule, vidole vilikuwa vimepita vikiacha mifereji, na kimoja kilikuwa kimepinda nje. Mama yake alikanyagwa kidole na punda. Hakuna mwingine aliyekuwa na mfereji kama ule.

Kabiru alimwona amesimama. Alikuja, akaangalia, akaelewa bila kuambiwa. "Mama, tunaweza kuacha hapa. Mimi nizunguke na plasta, nifanye kama dirisha."

Akolong aliweka kiganja chake juu ya kile. Kilikuwa kikubwa kuliko chake.

"Maji yatafika hapa?"

"Tangi ikijaa, yatafika."

"Basi hapana. Hakupaka ili atazamwe, alipaka tupate kunywa." Akashika tindo. Alipiga mwenyewe, pande kwa pande, na vile vipande vyeusi akavikusanya kwenye gunia. Wengine walipoona wakafanya vivyo hivyo. Hakuna aliyevitupa jalalani.

Ukuta ulipokuwa umekunywa kila mahali, Kabiru akawapanga wawili wawili. Mmoja mbele na brashi, anapaka uji wa simiti. Mwingine nyuma yake na mwiko, anarusha plasta juu ya uji ungali mbichi. "Msiache nafasi katikati," aliwaambia. "Uji ukikauka kabla ya plasta, unakuwa kama ile chokaa. Utajishika wenyewe, usishike mwenzake. Mkianza, hakuna kusimama, hata kama nani ameita."

Na aliyeita ni Etabo. Alikuja adhuhuri, wakati jua lilipokuwa likivuta maji kutoka kwa kila kitu, akainama kwenye ukingo.

"Akolong. Panda juu kidogo tuongee."

"Ongea, nasikia." Brashi haikusimama.

"Ni mambo ya faragha. Yule mtu wa malori ana roho nzuri. Kuna ploti nyingine, nyuma huko, yako wewe binafsi. Na jina lako litaingia kwa kamati. Panda juu tumalize."

"Etabo, huu uji unakauka. Ama sema yako haraka, ama shuka ushike brashi."

"Mimi nakuongelesha mambo ya maana!"

"Na mimi niko katikati ya mambo ya maana. Kabiru, rusha hapo, hapo, kabla haujageuka rangi."

Lorna, aliyekuwa akichanganya juu, alimpitia Etabo na karai lililojaa, likamwagika kidogo kwenye kiatu chake. "Pole, mwenyekiti. Osha haraka. Hii ya leo inashika."

Etabo aliondoka akifuta kiatu kwa jani.

Walifunika ukuta kwa magunia yaliyoloweshwa, wakayalowesha tena kila yalipotaka kukauka, kwa zamu, huku kila mtu akipita akigonga kwa kifundo cha kidole kusikiliza kama kuna mahali panapolia patupu. Hapakulia. Boza la maji likaja, likalijaza tangi mpaka kwenye jiwe lililochomoza, ambalo Umuro alilipiga alama ya rangi nyekundu, akafunga koki, akaenda zake. Kisha kambi ikangoja. Hakuna aliyechota. Watu walikuwa wakipita mbali kidogo na tangi, kama unavyopita mbali na mtu aliyelala baada ya homa.

Siku ya ukaguzi Akolong alijikuta amesimama kwenye ukingo kabla ya kila mtu. Hakutazama kwanza. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani na shanga zote za mama yake shingoni, akasimama ameelekea barabarani mpaka gari la kaunti likaegeshwa.

"Salaam aleikum, habari zenu," Umuro akasema.

"Nzuri, karibu. Angalia wewe. Mimi nitaambiwa."

Umuro alipiga magoti, akaingiza mkono. Etabo alikuwa nyuma yake na mtu wa malori, ambaye hakuzima gari. Umuro alikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, au ndivyo Akolong alivyoona. Kisha akainuka, akazunguka tangi kwa nje akipapasa mawe meusi chini kabisa, akatazama kiganja chake. Kikavu, na vumbi.

"Maji yako kwa alama," alisema. "Jua limekula kidogo juu, hiyo ni halali yake. Hili tangi ni zima. Nitaliandika mali ya umma, na kiwanja."

Kelele zilizopigwa ziliwashtua mbuzi waliokuwa wakipelekwa sokoni. Lorna alirukaruka mpaka viatu vikamtoka. Mtu wa malori aligeuza gari. Kabiru aliinuliwa juu, akawa anaomba ashushwe kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, na hatimaye kwa Kiturkana kibovu kilichowafanya watu wamwinue juu zaidi.

Akolong hakupiga kelele. Alichota sufuria la kwanza, akaliweka kwenye mawe matatu, akafungua gunia lake. Aliweka vijiti kidogo vya kuwashia, na juu yake akamwaga vipande vyeusi vya ukutani. Watu wakasogea kuona. Vipande vikatoa jasho, vikachirizika, kisha vikashika moto, ndimi fupi za manjano zenye harufu ya mkia wa kondoo, na maji yakaanza kuimba. Miaka yote ile ukutani, na bado yalikuwa mafuta.

Umuro alipewa kikombe cha chai kwanza, kwa heshima ya ugeni. Cha pili Akolong alikipeleka mwenyewe mpaka alipokuwa amesimama Etabo, peke yake sasa, shati bado limenyooka.

Etabo alikitazama kikombe. Watu wote walikuwa wakimtazama yeye. Akakipokea kwa mikono miwili, akanywa.

"Chai ina moshi," alisema.

"Ni moshi wa mama yako," Lorna akamjibu kutoka mbali. "Kunywa, atakusikia ukilalamika."

Etabo alikunywa mpaka majani ya chini, akabaki ameshika kikombe kitupu, hajui akiweke wapi. Akolong alisimama mbele yake, shanga zikimeta, hana haraka. Alikwishawangoja watu wadogo kuliko huyu kwa muda mrefu kuliko huu. Mwishowe mwenyekiti akaunyoosha mkono, kikombe kikielekea kwenye sufuria.

"Ongeza," alisema.

Akamwongeza.